Kasia, Gongo na Baiskeli: Namna ya Kupima Vifaa vya Michezo kama Nyenzo

Fundi anayeng'oa jiwe kwa mtaimbo katika vilima vya Mabatini au Igogo hana haraka ya kuweka nguvu. Kwanza hutafuta kijiwe cha kuegemezea, hukisogeza karibu kabisa na jiwe kubwa, kisha hushika mtaimbo kwenye ncha ya mbali na kuukandamiza kwa uzito wake wote. Ncha aliyoishika hushuka nusu mita, na jiwe huinuka kiasi cha vidole viwili tu, lakini huinuka. Ukiteremka kutoka hapo hadi ufukweni Kirumba au Igombe, utamkuta mpiga makasia akifanya kinyume chake: mkono wake unasogea kidogo, na bapa la kasia linafagia maji kwa upana mkubwa. Wote wawili wanatumia wenzo, yaani kifaa kigumu kinachozungukia mahali pamoja ili kusogeza mzigo, ila wa kwanza anatoa mwendo ili apate nguvu, na wa pili anatoa nguvu ili apate mwendo.

Vifaa vingi vya michezo viko upande wa mpiga makasia. Jambo hili huwashangaza wanafunzi, kwa kuwa darasani tumewazoesha kusema kwamba mashine rahisi hurahisisha kazi, na mtoto akisikia "hurahisisha" huelewa kwamba atatumia nguvu kidogo. Kasia, gongo na baiskeli humdai mchezaji nguvu nyingi kuliko ile inayofika kwenye maji, kwenye mpira au barabarani, na humlipa kwa mwendo. Mwongozo huu unaeleza namna ya kulipima deni hilo kwa vitu vinavyopatikana hapa Mwanza. Nimeuandika kwa ajili ya walimu wa sayansi na wa michezo, pamoja na makocha wa mitumbwi ambao hubishana kila msimu juu ya urefu wa kasia bila hata mmoja wao kushika mizani. Asubuhi mbili zinatosha kwa kazi yote, moja ikiwa nchi kavu na nyingine majini.

Hatua ya kwanza: kusanya vifaa

Tafuta mizani mitatu ya springi, ile ya kuning'iniza inayotumika kupimia samaki mwaloni, yenye uwezo wa kufikia kilo 25 au zaidi. Ukikosa mitatu, miwili itatosha, ila utarudia kazi. Uwe pia na futi ya fundi, chaki, kamba ya manila, dumu la lita 10 na dumu la lita 5, chupa mbili tupu za soda, na ubao mmoja wa mita 3, kwa mfano ule ambao mafundi huuita mbili kwa sita. Vifaa vya michezo vyenyewe ni kasia moja la mtumbwi, gongo moja la mpira wa magongo au la kriketi, na baiskeli ya kawaida yenye breki nzima.

Kabla ya kuanza, hakikisha mizani yote inasema lugha moja. Jaza maji dumu la lita 5, lining'inize kwenye kila mizani kwa zamu, na andika kila mmoja unasoma nini. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo dumu lililojaa linapaswa kusoma kilo 5 na ziada ndogo ya plastiki yake. Mizani iliyokaa miaka mingi kwenye chumvi na magamba ya samaki mara nyingi imelegea springi, na usipolijua hilo mapema utakuja kuilaumu sayansi bure. Katika maelezo yote yanayofuata nitataja nguvu kwa kilo kama mizani inavyoisoma. Mwalimu anayetaka nyutoni azidishe kwa 9.8.

Hatua ya pili: zitambue nukta tatu kwa ubao

Kila wenzo una nukta tatu. Egemeo ni mahali wenzo unapozungukia, mzigo ni kile kinachosogezwa, na jitihada ni nguvu unayoiweka wewe. Ukiuliza ni ipi kati ya hizo iliyo katikati, umekwisha kujua daraja la wenzo huo: egemeo likiwa katikati ni daraja la kwanza, mzigo ukiwa katikati ni la pili, na jitihada ikiwa katikati ni la tatu. Wanafunzi wangu hukumbuka kwa herufi E, M, J, na sioni sababu ya kuwatafutia njia nyingine.

Weka ubao juu ya jiwe lenye mgongo mwembamba, uusogeze hadi utulie bila kuinama upande wowote. Hapo uzito wa ubao wenyewe umejigawa sawa na hautaingilia hesabu. Weka dumu la lita 10 sentimita 60 kutoka kwenye jiwe, kisha sogeza dumu la lita 5 upande wa pili hadi ubao utulie tena. Utalikuta limesimama karibu na sentimita 120. Kumi mara 60 ni 600, na tano mara 120 ni 600. Sheria hii ilikwisha kuandikwa na Archimedes wa Syracuse zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, na haijabadilika: nguvu ukiizidisha kwa umbali wake kutoka kwenye egemeo, pande zote mbili lazima zilingane ndipo wenzo utulie.

Sasa bonyeza polepole upande wa dumu dogo ushuke sentimita 20, na mwenzako apime upande wa dumu kubwa. Utakuwa umepanda sentimita 10 tu. Dumu dogo limebeba kubwa, lakini limelazimika kusafiri mara mbili. Ukilielewa jambo hili kwenye ubao, yaliyobaki yote ni kulitafuta mahali lilipojificha.

Hatua ya tatu: upime mkono wako kabla ya kifaa

Kifaa cha michezo hakifanyi kazi peke yake. Kinashikwa na mkono, na mkono nao ni wenzo. Kunja mkono kwenye kiwiko, kiganja kikiangalia juu, na shika chupa ya maji. Egemeo ni kiwiko. Mzigo ni chupa iliyo kiganjani, sentimita 32 hivi kutoka kwenye kiwiko kwa mtu mzima wa kawaida. Jitihada ni msuli wa mbele wa mkono wa juu, ambao umejishikiza kwenye mfupa takriban sentimita 4 mbele ya kiwiko. Uwiano ni nane kwa moja, maana yake chupa ya kilo 2 inaudai msuli nguvu ya kilo 16, mbali na uzito wa mkono wenyewe.

Mtu akiambiwa hivyo kwa mara ya kwanza hudhani mwili umeumbwa vibaya. Lakini angalia upande wa mwendo: msuli ukijikunja sentimita 1, kiganja kinapita sentimita 8. Kwa sababu hiyo mtu anaweza kurusha. Mkuki wa wanaume wenye gramu 800, au ule wa wanawake wenye gramu 600, hauhitaji nguvu kubwa ili kuubeba. Unahitaji kiganja kinachokwenda kasi sana wakati wa kuuachia, na wenzo wa daraja la tatu ndio unaoitoa kasi hiyo.

Wenzo wa daraja la pili ni nadra michezoni. Mfano wa karibu ni pushapu, ambapo vidole vya miguu ni egemeo, mwili ni mzigo ulio katikati, na mikono ni jitihada. Ndiyo maana mikono haibebi mwili wote bali karibu theluthi mbili tu. Anayetaka kuthibitisha aweke viganja juu ya mizani ya kupimia watu.

Hatua ya nne: lipime kasia nchi kavu

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu kasia ndicho kifaa chetu, na kwa sababu watu wengi hulishika maisha yao yote bila kujua mkono wa juu unafanya kazi gani.

Chukua kasia la mtumbwi, lile linaloshikwa kwa mikono miwili bila kufungwa popote. Lilaze chini kwenye sakafu au kwenye udongo mgumu, na chini yake weka chupa mbili tupu za soda ili libingirike bila kukwaruza. Pima kutoka kwenye kichwa cha mpini, mahali mkono wa juu unaposhika, hadi katikati ya bapa. Nitachukua mfano wa kasia ambalo umbali huo ni sentimita 120, na wewe weka kipimo cha kasia lako. Piga mstari wa chaki kwenye sentimita 40, mwingine kwenye 60, na mwingine kwenye 80. Mistari hiyo mitatu ni mahali patatu ambapo mkono wa chini unaweza kushika.

Funga mizani ya kwanza kwenye kichwa cha mpini na uielekeze kwenye mti au nguzo. Funga mizani ya pili katikati ya bapa na uielekeze kwenye nguzo nyingine iliyo upande huohuo. Mizani ya tatu ifunge kwenye mstari wa sentimita 60, nawe uivute kuelekea upande wa pili, kinyume na zile nguzo. Kamba zote tatu ziwe pembemraba na kasia, kwa kuwa kamba iliyolala kimshazari hupoteza sehemu ya nguvu na kuharibu hesabu. Vuta polepole hadi mizani yako isome kilo 12, kisha wenzako wawili wasome mizani mingine kwa wakati mmoja.

Bapa litasoma karibu kilo 6, na kichwa cha mpini kilo 6 pia. Kilo 12 ulizovuta zimegawanyika nusu kwa nusu. Ile mizani ya bapani ndiyo maji, na ile ya kichwani ndiyo mkono wako wa juu. Sasa hamisha mvuto wako kwenye mstari wa sentimita 40 na uvute tena kilo 12. Bapa litashuka hadi karibu kilo 4, na kichwa cha mpini kitapanda hadi 8. Hamia kwenye sentimita 80, na bapa litapata 8, kichwa 4.

Soma majibu hayo mara mbili. Mkono wa chini ukipanda juu ya mpini, maji yanapata nguvu kidogo, na mkono wa juu unabeba mzigo mzito. Mkono wa chini ukishuka, maji yanapata nguvu kubwa, na mkono wa juu unapumzika. Kijana anayelalamika kwamba bega lake la juu linawaka moto kabla ya wenzake, mara nyingi tatizo lake si bega. Mwangalie anashika wapi kwa mkono wa chini.

Kabla hujamwambia kila mtu ashushe mkono, pima mwendo. Fungua mizani, acha kichwa cha mpini kikiwa kimefungwa kilegevu kwenye nguzo, na usogeze kasia kwa mkono wa chini sentimita 20. Ukiwa umeshika kwenye 40, bapa litapita sentimita 60. Kwenye 60 litapita 40, na kwenye 80 litapita 30. Uwiano wa mwendo umepungua kwa kiwango kilekile ambacho nguvu imeongezeka. Zidisha mwenyewe: 4 mara 60, 6 mara 40, na 8 mara 30. Zote ni 240, na ni sawa na kilo 12 ulizovuta mara sentimita 20 ulizosogeza. Wenzo hautoi kitu cha bure, unabadilisha sarafu tu.

Kuhusu egemeo la kasia kuna ubishi ambao mwalimu ataulizwa, na ni afadhali awe tayari. Aliye ndani ya mtumbwi huona mkono wa juu umetulia kiasi na bapa linarudi nyuma, kwa hiyo husema egemeo ni mkono wa juu na kasia ni wenzo wa daraja la tatu. Aliyesimama juu ya jiwe ufukweni huona bapa karibu limekita majini na mtumbwi unapita mbele yake, kwa hiyo husema egemeo ni maji. Wote wawili wameona sawasawa. Mizani yako haijali umesimama wapi, na zile 12, 6 na 6 zitabaki zilezile kwa yeyote kati yao. Ukweli mwingine ni kwamba mpiga makasia mzuri hauachi mkono wa juu utulie. Anausukuma mbele wakati mkono wa chini unavuta nyuma, na egemeo linahamahama kati ya mikono miwili. Kwa kupimia, kulifunga kichwani kunatosha.

Nilijifunza mambo haya kwa aibu. Msimu mmoja, timu ya vijana niliyokuwa nikiisaidia iliamua kurefusha makasia kwa sentimita 20, nami nikaunga mkono kwa hoja kwamba bapa likiwa mbali zaidi litakwenda kasi zaidi. Hoja ilikuwa ya kweli, ila nusu. Bapa lilipohama kutoka sentimita 120 hadi 140, kijana aliyekuwa akivuta kilo 12 ili maji yapate 6 alilazimika sasa kuvuta 14 ili yapate zilezile 6. Kilo mbili si nyingi kwa pigo moja. Kwa mamia ya mapigo ni nyingi mno. Walitoka mbele ya wote, na walipofika kwenye boya la kugeukia mikono ilikuwa imekwisha. Mzee mmoja fundi wa mitumbwi alikuwa ameketi kivulini akitutazama tunavuta mtumbwi nchi kavu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Makasia mmerefusha. Na mikono mmeirefusha?"

"Hapana, mzee."

"Basi mmewabebesha watoto."

Alikuwa na haki, ingawa hakutaja egemeo wala jitihada. Kasia refu humfaa mtu mwenye mikono mirefu na kifua kipana, kwa sababu anaweza kushusha mkono wa chini bila kupinda mgongo, na hivyo kuurudisha uwiano mahali pake.

Hatua ya tano: gongo, na mahali pasipouma

Gongo la mpira wa magongo ni kasia lililonyimwa maji. Mkono wa juu ni egemeo, mkono wa chini ni jitihada, na mpira ni mzigo. Weka mikono karibu, sentimita 15 kutoka mmoja hadi mwingine, na chukulia mpira uko sentimita 75 kutoka mkono wa juu. Mkono wa chini ukisogea kidogo, ncha inasogea mara tano. Ukiitanua mikono hadi sentimita 30, ncha inasogea mara mbili na nusu tu, lakini unaitawala vizuri zaidi. Kwa hiyo wachezaji hutanua mikono wanapoukokota mpira na huikusanya juu wanapotaka kuupiga kwa nguvu. Wanafanya hivyo kwa mazoea, na ukiwaonyesha hesabu hucheka.

Kuna jaribio jingine ambalo halihitaji hata mizani. Shika gongo la kriketi kwa vidole viwili tu kwenye mpini, liache lining'inie, na mwenzako aligonge taratibu kwa mpira mgumu au kwa kipande cha ubao, akianzia kwenye ncha na kupanda juu vidole viwili kwa kila pigo. Kwenye ncha vidole vyako vitatetemeka na kuwasha. Akipanda kidogo, mtetemo utapungua, hadi mahali fulani utakaposikia mlio mzito na vidole visihisi karibu chochote. Akizidi kupanda, mtetemo unarudi. Tia chaki mahali hapo. Mpira ukigonga hapo, gongo halitikisiki ovyo mkononi, na nguvu nyingi zaidi huenda kwenye mpira badala ya kupotea katika mitetemo. Mchezaji anayetoka uwanjani akipuliza viganja amekuwa akipigia ncha.

Hatua ya sita: baiskeli, ambamo kasia na mtaimbo vinaishi pamoja

Igeuze baiskeli juu chini, isimamie kiti na usukani. Pima mkono wa pedeli kutoka katikati ya ekseli yake hadi katikati ya pedeli. Kwa baiskeli nyingi ni sentimita 17 hivi. Hesabu meno ya gurudumu la mbele la mnyororo na meno ya friwili nyuma. Tuseme ni 48 na 20, basi pedeli ikizunguka mara moja, tairi la nyuma linazunguka mara 2.4. Pima mzunguko wa tairi kwa kutia alama ya chaki na kulibingirisha ardhini hadi alama irudi chini. Tairi la inchi 28 litakupa mita 2.2 na kidogo.

Sasa fanya hesabu. Mguu wako unazunguka duara la karibu mita 1.07 kwa mzunguko mmoja, na baiskeli inakwenda karibu mita 5.3. Umepata mwendo mara tano, na umelipa kwa nguvu: ukikanyaga kilo 30 pedeli ikiwa imelala sawa na ardhi, tairi linaisukuma barabara kwa kilo 6 tu, na pungufu kidogo kwa sababu ya msuguano wa mnyororo. Barabara tambarare ya kandokando ya ziwa inaridhika na kilo 6. Kilima cha Bugando hakiridhiki, ndipo utawaona waendesha baiskeli wakipanda kwa kupindapinda kutoka ukingo mmoja wa barabara hadi mwingine. Wanatumia mashine rahisi nyingine, mteremko, kwa kuurefusha ili uwe wa taratibu. Wanasafiri mbali zaidi, wanadaiwa nguvu ndogo. (Magari nayo yanapita hapohapo, kwa hiyo hili tulieleze tu, tusiwaagize watoto wakalijaribu.)

Kisha shika breki. Hapa mambo yanageuka. Pima kutoka kwenye msumari ambao mkono wa breki unazungukia hadi mahali vidole vinapovuta, kisha kutoka kwenye msumari huohuo hadi mahali waya au fimbo ya breki ilipofungwa. Ukipata kwa mfano sentimita 8 na sentimita 2, nguvu ya vidole imezidishwa mara nne, na vidole vinasafiri mara nne ya waya. Vidole viwili dhaifu vinaweza kusimamisha mtu na shehena yake ya mkaa kwa sababu hiyo. Ndani ya chombo kimoja, pedeli imejengwa kwa tabia ya kasia na breki kwa tabia ya mtaimbo. Aliyeiunda alijua ni wapi mtu anahitaji mwendo na ni wapi anahitaji nguvu.

Mashine rahisi nyingine za michezo hazinishughulishi sana, kwa hiyo nitazipitia kwa ufupi. Kapi moja lililofungwa juu ya mlingoti wa wavu halipunguzi nguvu, linageuza tu mwelekeo ili uvute kwenda chini. Parafujo inayokaza kiti cha baiskeli ni mteremko uliozungushwa kwenye nondo. Meno ya njumu huingia ardhini kwa namna ya kabari, na ukitaka kujua kazi yake cheza siku ya mvua kwa raba za kawaida.

Hatua ya saba: mtumbwi mzima ni wenzo

Kabla ya kuingia majini, elewa jambo moja kuhusu nahodha. Mtumbwi unapogeuka, unazungukia mahali fulani karibu na katikati yake. Katika mtumbwi wa mita 8, nahodha aliyeketi nyuma kabisa yuko karibu mita 4 kutoka hapo. Akisukuma maji pembeni kwa nguvu ya kilo 5, mtumbwi unageuka sawa na vile ambavyo ungegeuzwa na mtu aliye mita 1 kutoka katikati akisukuma kwa kilo 20. Kwa hiyo mtu mwenye nguvu kuliko wote asiwekwe nyuma kwa sababu ya nguvu zake. Nyuma anafaa mwenye jicho na subira, na wenye vifua wakae katikati, ambako makosa yao ya upande mmoja hayauyumbishi mtumbwi.

Hatua ya nane: peleka vipimo majini

Chagua asubuhi na mapema. Upepo wa kutoka ziwani huongezeka kadiri jua linavyopanda, na baada ya saa sita mchana utakuwa unapima upepo badala ya makasia. Kila mtu avae jaketi la kuokolea maisha, hata anayejivunia kuogelea, na kuwe na mtumbwi wa pili karibu. Msisimame muda mrefu kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, kwa kuwa konokono wanaoeneza kichocho hukaa humo.

Tafuta alama mbili za kudumu, kwa mfano majabali mawili yaliyotokeza ufukweni, zenye umbali wa kama mita 200 kati yake. Vijana walewale wapige makasia yaleyale mara tatu: mara ya kwanza mkono wa chini ukiwa kwenye mstari wa 40, mara ya pili kwenye 60, mara ya tatu kwenye 80. Mmoja ahesabu mapigo, mwingine ashike saa. Kati ya jaribio na jaribio mpumzike dakika kumi, na mtumbwi usimame kabisa kabla ya kuanza upya, kwa sababu mtumbwi unaotembea tayari hudai nguvu ndogo kuliko uliolala.

Jambo la kuangalia ni mapigo kumi ya mwanzo. Mtumbwi uliosimama ni mzigo mzito, na mkono ulio chini, kwenye 80, ndio unaouondoa haraka. Ukisha kushika mwendo, maji yanakimbia kando yake, na bapa linalokwenda polepole halina cha kuyasukuma. Hapo mkono upande, hadi 60 kwa walio wengi. Kwenye 40 hufika wachache, na mabega yao hayakai huko muda mrefu. Ni kazi ileile ya gia za baiskeli ya mashindano, isipokuwa hapa gia inabadilishwa kwa kuteleza kwa kiganja.

Andika kwenye daftari jina la kila kijana, mahali alipoketi, na mstari uliompa muda mzuri bila kumchosha. Mistari hiyo haitalingana, na hakuna sababu ilingane, kwa kuwa mikono yao haina urefu mmoja. Chaki itafutika kwa maji siku hiyohiyo. Badala yake, chonga kwa kisu mkato mwembamba kuzunguka mpini wa kila kasia, usiozidi unene wa sarafu ili usiudhoofishe mti, kisha uusugue kwa msasa na kuupaka mafuta. Kidole gumba kitauona mkato huo hata alfajiri kukiwa bado giza, na macho yatabaki mbele kwenye boya.